Siku Moja Lisbon: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mimi ni mtu wa Mombasa, na kwa miaka kadhaa sasa naishi Lisbon, mji mkuu wa Ureno. Kila msimu hunijia wageni: ndugu, marafiki wa ndugu, wanafunzi wanaopitia hapa wakielekea kwingine. Karibu wote huwa na siku moja tu, na maswali yao hufanana. Nimeyakusanya hapa na kuyajibu kama ninavyowajibu tukiwa tunakunywa chai. Saa zote humu ni za Kiswahili.

Siku moja inatosha kuiona Lisbon?

Kuiona yote, hapana. Lakini ukikubali kuacha vitu, utaiona vizuri. Mgeni wangu wa kwanza alikuja na orodha ya sehemu kumi na nne kwenye simu. Tulizifikia tisa, na jioni nilipomuuliza ni kipi kilichomkaa moyoni, alifikiri sana akakosa cha kutaja. Tangu siku hiyo mpango wangu una mambo matatu: dhahabu ya Kilwa, kanisa la Belém, na kilima cha Carmo. Mengine utayakuta njiani.

Kwa nini hayo matatu? Vitabu vya watalii huanza na kasri la São Jorge.

Kwa sababu mimi ni Mswahili na naandikia Waswahili. Mji huu na pwani yetu vimejuana kwa zaidi ya miaka 500, na kujuana kwenyewe hakukuanza kwa heri. Julai 1497 Vasco da Gama aling'oa nanga hapa kwenye mto Tejo. Aprili 1498 akafika Mombasa, hawakuelewana na wenyeji, akapanda Malindi. Huko alipokewa vyema, akapewa rubani wa kumvusha hadi Bara Hindi. Mwaka 1505 zikaja merikebu za Francisco de Almeida, Kilwa ikatekwa na kuporwa, Mombasa ikachomwa moto. Mwaka 1593 ikaanza kujengwa Ngome ya Mombasa, Fort Jesus, na Wareno wakaishika mpaka Waomani walipowatoa mwaka 1698, baada ya kuwazingira kwa zaidi ya miaka miwili.

Sisi tuliokulia Mji wa Kale tumecheza chini ya kuta hizo. Upande mmoja wa habari tunaujua tangu utoto. Upande wa pili uko huku, na ukiwa na siku moja tu, nakuomba uitumie kuuona.

Nije siku gani ya wiki, na msimu gani?

Jumanne hadi Jumamosi. Jumatatu nyumba nyingi za makumbusho hufungwa, ikiwemo ile ya sanaa ya kale, na pia nyumba ya watawa ya Belém. Jumapili magofu ya Carmo hufungwa. Msimu mzuri ni Aprili hadi Juni, kisha Septemba na Oktoba. Agosti jua ni kali na watu ni wengi mno. Majira ya baridi hakuna theluji mjini, ila mvua ya mfululizo, na mvua hapa ina hatari yake nitakayoieleza mbele.

Usiku wa kuamkia tarehe 13 Juni ni sikukuu ya Mtakatifu Antonio. Mitaa yote ya zamani hujaa moshi wa dagaa wakubwa wanaochomwa juu ya mkaa nje ya milango ya watu. Ukiweza kuupata usiku huo, usiukose.

Siku nzima ipangwe vipi?

Kanuni yangu ni kwamba vyenye milango vitangulie, vya mitaani vifuate. Makumbusho na makanisa yana saa za kufunga. Kilima na mto havifungwi.

Saa tatu asubuhi uwe uwanja wa Praça da Figueira, katikati ya mji, umeshakula. Panda tramu namba 15. Inapita kando ya mto, na utashuka kituo cha Cais da Rocha, upande ngazi mpaka jumba la makumbusho la sanaa ya kale. Hufunguliwa saa nne. Ukimaliza, rudi kwenye tramu ileile uendelee hadi Belém. Saa tisa urudi mjini, upande Carmo. Jua likianza kulegea uwe unaingia Alfama, mtaa wa kale, kwa miguu.

Jambo moja: kabla ya kuondoka, angalia kwenye tovuti zao kama pako wazi. Majengo haya ni ya karne nyingi, na kila baada ya muda moja huingia matengenezoni.

Hiyo dhahabu ya Kilwa ni nini hasa?

Ni chombo cha ibada cha Kanisa Katoliki, kile kinachotumika kuonyeshea ekaristi. Wareno hukiita Custódia de Belém. Kiko katika jumba la taifa la sanaa ya kale, mtaa wa Janelas Verdes, ndani ya kabati la kioo.

Habari yake ni hii. Mwaka 1502, katika safari yake ya pili, Vasco da Gama alifika Kilwa na kundi kubwa la merikebu zenye mizinga. Akamlazimisha mtawala wa Kilwa, Ibrahimu, kutoa kodi ya dhahabu kama alama ya kujisalimisha kwa mfalme wa Ureno. Mwaka 1503 dhahabu ile ikafika Lisbon. Mfalme Manuel wa Kwanza akaagiza itengenezwe chombo hiki, kazi ikakamilika mwaka 1506. Sonara anayetajwa ni Gil Vicente.

Tukumbuke Kilwa ilikuwa mji wa namna gani. Ibn Battuta aliizuru mwaka 1331 akaisifu kuwa miongoni mwa miji mizuri. Dhahabu kutoka bara ilishuka bandari ya Sofala, na Kilwa ndiyo iliyoshika biashara ile kwa muda mrefu. Msikiti mkuu wa Kilwa Kisiwani na jumba la Husuni Kubwa bado vimesimama, ingawa ni magofu.

Chombo chenyewe hakifiki mita moja kwa urefu. Usikitazame kwa mbali ukapita. Sogea. Katikati pana kioo cha mviringo, na mitume kumi na wawili wamepiga magoti wakikizunguka, kila mmoja na uso wake, nguo zao zimepakwa rangi ya kung'aa. Juu yao ananing'inia njiwa mweupe. Kwenye shina pana matufe ya pete, nembo ya mfalme Manuel, kama kusema dunia yote iko mikononi mwake. Chini kabisa, kwenye kitako, sonara ametia ndege, maua na konokono wadogo wa rangi. Halafu inama usome maandishi yanayozunguka ukingo. Yanasema mfalme ameagiza chombo hiki kitengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya Quíloa, na kwamba kilimalizika mwaka 1506. Quíloa ni Kilwa.

Niliwahi kumpeleka mama mmoja wa Kilwa Masoko, mtu mzima, aliyekuwa amekuja kumtembelea mwanawe. Alikizunguka kabati kile mara mbili bila kusema neno. Akaniomba nimsomee maandishi, kisha nimuonyeshe neno lenyewe liko wapi. Akalitazama kwa muda. Akasema, "Kwa hiyo iko hapa." Basi. Tulikaa bustanini nyuma ya jumba, panapotazama mto, mpaka alipokuwa tayari kuondoka.

Wapo wanaoniuliza kama naona dhahabu hii irudishwe. Naona kwamba kila mtoto anayesoma historia Kilwa, Lindi, Mombasa na Unguja anapaswa kujua iko wapi, inafananaje, na imeandikwa nini. Mazungumzo mengine yaanzie hapo.

Belém kuna nini, na nitumie muda gani?

Saa mbili na nusu hivi. Anza na kanisa la watawa wa Jerónimos. Ujenzi ulianza mwanzoni mwa miaka ya 1500, mahali ambapo mabaharia walikuwa wakisali kabla ya safari, na gharama ililipwa sehemu kubwa na kodi ya moja kwa ishirini iliyotozwa kwenye bidhaa za Afrika na mashariki. Biashara ile ya merikebu ndiyo iliyosimamisha nguzo zile. Ukijua hilo utaelewa kwa nini mawe yamechongwa kama kamba za merikebu, mafundo na matumbawe.

Mara tu ukiingia mlangoni, kabla hujaufikia ukumbi mkubwa, kuna makaburi mawili ya mawe, moja kila upande. Moja ni la Luís de Camões, mshairi aliyechapisha utenzi wake mkuu mwaka 1572, na humo Mombasa, Malindi na Kilwa zimetajwa kwa majina. La pili ni la Vasco da Gama. Alifia Cochin, Bara Hindi, mwaka 1524, na mabaki yake yaliwekwa hapa katika karne ya 19. Amelazwa chali, mikono imekutanishwa kama anayesali. Simama hapo kidogo. Mimi kila nikisimama hukumbuka mnara wake wa msalaba kule Malindi, juu ya mwamba, mawimbi yanaupiga.

Ua wa ndani wa watawa una tiketi yake, na foleni yake. Ni mzuri sana. Lakini foleni ikiwa ndefu na siku yako ni moja, kanisa litakutosha.

Kutoka hapo vuka reli uende ukingo wa mto. Mnara wa Belém ulijengwa kati ya mwaka 1514 na 1519 kulinda lango la mji. Chini ya kimoja cha vibanda vyake vya walinzi pamechongwa kichwa cha kifaru, kimelika kwa hewa ya chumvi. Ni kumbukumbu ya kifaru aliyeletwa kutoka Bara Hindi mwaka 1515, na watu wa Ulaya walikuwa hawajamuona mnyama huyo kwa karne nyingi. Watoto hufurahi sana kukitafuta. Ule mnara mwingine mkubwa wenye sanamu za mabaharia waliopangana si wa kale. Ni wa mwaka 1960, enzi ya udikteta, uliposimamishwa kusifu safari hizo. Utazame ukijua hivyo.

Na vile vitobosha vya maziwa na mayai?

Vinaitwa pastéis. Duka la Belém linaviuza tangu 1837. Foleni ya nje ni ya wanaobeba. Ndani kuna kumbi nyingi na mara nyingi utapata kiti haraka zaidi. Huletwa vya moto, ganda jembamba linavunjika kwa tabaka, juu umeungua kidogo. Mezani kuna kichupa cha mdalasini, nyunyiza wa kutosha. Ukila ukikumbuka mdalasini ulifikaje hapa, utakuwa umeielewa Belém yote.

Carmo ni nini?

Ni kanisa lisilo na paa, juu ya kilima, na kwangu mimi ndilo jengo linalosema kweli kuliko yote Lisbon.

Tarehe 1 Novemba 1755, sikukuu ya Watakatifu Wote, asubuhi, watu wakiwa makanisani na mishumaa imewashwa kila mahali, ardhi ilitetemeka kwa dakika kadhaa. Waliokimbilia mtoni kujiokoa waliona maji yakirudi nyuma mpaka kina kikaonekana, kisha bahari ikaja juu yao. Kisha moto ukawaka kwa siku kadhaa. Maelfu kwa maelfu walikufa. Kasri la mfalme kando ya mto, pamoja na hazina ya vitabu vyake, likapotea.

Kanisa la Carmo lilianza kujengwa mwishoni mwa miaka ya 1300. Paa lilianguka siku ile, na halikurudishwa. Leo unasimama katikati, matao yamebaki kama mbavu za jahazi lililopandishwa pwani, juu ni mbingu tupu, chini ni nyasi. Njiwa hupita ndani kama nje.

Ukitoka usiondoke haraka kwenye uwanja mdogo ulio mbele ya lango, wenye miti na chemchemi. Pembeni mwa kanisa kuna kambi ya askari. Humo ndimo alimojificha waziri mkuu Marcelo Caetano tarehe 25 Aprili 1974, wanajeshi vijana waliochoka na vita vya Afrika walipoupindua utawala wa kidikteta. Umati ulijaa uwanja huu mpaka juu ya miti, na jioni akasalimu amri.

Sasa unganisha na kwetu. Vita vile vilikuwa vya Angola, Guinea-Bissau na Msumbiji. FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, iliundwa Dar es Salaam mwaka 1962, wapiganaji wake walifunzwa Kongwa na Nachingwea, Tanzania, na kiongozi wake wa kwanza, Eduardo Mondlane, aliuawa kwa bomu Dar es Salaam mwaka 1969. Waliokuwa wakipigana kusini mwa Ruvuma ndio waliowafanya vijana wa Kireno waseme imetosha. Msumbiji ikapata uhuru tarehe 25 Juni 1975. Wareno wengi hapa watakuambia kwamba siku ile waliletewa uhuru na jeshi lao. Ni kweli. Nami huongeza kwamba njia ya kufika uwanja huu ilipita pia Nachingwea.

Mji wa chini umenyooka kama umepigwa rula. Mbona haufanani na mingine?

Huo ndio uliojengwa upya baada ya tetemeko, chini ya usimamizi wa waziri aliyekuja kuitwa Markizi wa Pombal. Ndani ya kuta zake mna fremu za mbao zilizosukwa kama kizimba, ili nyumba icheze bila kuanguka. Mitaa ilipewa majina ya kazi: mtaa wa dhahabu, wa fedha, wa washona viatu, wa wauza nguo. Upite ukishuka, ufike uwanja mkubwa wa Praça do Comércio unaofunguka mtoni. Wazee bado wanauita uwanja wa kasri, ingawa kasri lilikwenda mwaka 1755.

Kuna mahali panapozungumza juu ya watumwa?

Pachache kuliko inavyostahili. Kuna mtaa unaoitwa Rua do Poço dos Negros, yaani mtaa wa shimo la Weusi. Mwaka 1515 mfalme Manuel, yuleyule wa dhahabu ya Kilwa, aliamuru lichimbwe shimo la kutupia miili ya watumwa waliokufa, kwa kuwa ilikuwa ikiachwa ovyo. Leo ni mtaa wa mikahawa, na jina limebaki kwenye kibao.

Kanisa la São Domingos, karibu na uwanja wa Rossio, nalo ingia. Liliungua mwaka 1959, na walipolitengeneza wakaacha nguzo zilivyo, zimepasuka na kuwa nyekundu kwa moto. Nje yake kuna ukumbusho wa Wayahudi waliouawa mwaka 1506. Na kwenye uwanja huohuo mdogo, kila siku, utakuta Waafrika wamekusanyika, wengi wa Guinea-Bissau, wazee wakipiga soga, akina mama wakiuza vitu vya kwao. Wasalimie. Hata kama lugha hamshirikiani, utajibiwa.

Nipande tramu namba 28?

Asubuhi na mapema, ndiyo. Mchana, hapana. Ni ile ndogo ya njano inayopita Alfama kwenye vichochoro vya kugusa ukuta, na kila mgeni anaitaka, kwa hiyo hujaa kupita kiasi. Humo ndimo binamu yangu alimoibiwa pochi, zipu ya mkoba imefunguliwa taratibu bila yeye kuhisi. Njia yake yote ya Alfama unaweza kuitembea, na utaiona vizuri zaidi.

Zile lifti za reli za kupandia vilima usizitegemee. Moja, ya Glória, iliacha reli tarehe 3 Septemba 2025 na watu 16 wakafariki. Ukipita pale chini, simama kidogo kwa heshima yao.

Alfama nitembee vipi?

Bila ramani. Jina lenyewe ni la Kiarabu, lina asili moja na hamamu, kwa ajili ya chemchemi za maji moto zilizokuwa hapo. Mtu wa Unguja anayeijua Hamamni atalisikia mara moja. Waislamu waliutawala mji huu kwa karne nne hivi, mpaka mwaka 1147 ulipochukuliwa na mfalme Afonso Henriques. Alfama imekaa juu ya mwamba, ndiyo maana tetemeko liliiacha sehemu kubwa salama, na vichochoro vyake vimebaki vya wakati ule: vyembamba, vya kupinda, vinaishia kwenye ngazi au kwenye mlango wa mtu. Mtu wa Lamu hatapotea. Nguo zimeanikwa juu ya kichwa chako, redio inasikika dirishani, bibi amekaa kizingitini na chupa ya ginjinha, kileo cha cheri, anauza kwa vikombe vidogo.

Panda mpaka ukumbi wa Santa Luzia. Kwenye ukuta wa kanisa kuna picha ya vigae vya buluu inayoonyesha uwanja wa kasri ulivyokuwa kabla ya tetemeko. Ukiwa na nguvu, endelea hadi Senhora do Monte, juu kabisa. Ndani ya kasri la São Jorge mimi siku hizi simpeleki mgeni wa siku moja. Kutoka Senhora do Monte unaliona kasri lenyewe, mji, daraja na mto kwa pamoja, bila tiketi.

Hiyo hatari ya mvua ni ipi?

Njia za miguu zimetandikwa vijiwe vidogo vyeupe na vyeusi, vimepangwa kwa mkono, vimesuguliwa na nyayo za watu mpaka vinang'aa. Vikilowa huteleza kama sabuni. Niliwahi kuanguka hapo Chiado nikaumiza kifundo cha mkono, wiki tatu sikuweza kufua. Njoo na viatu vya raba vyenye soli ya kushika. Kandambili na viatu vya ngozi vya kwendea harusini viache hotelini.

Nikiwa na mzazi asiyeweza kupanda milima?

Unaweza, ukipanga. Kituo cha metro cha Baixa-Chiado kina ngazi za umeme ndefu zinazokutoa mji wa chini hadi Chiado, na Carmo iko karibu na hapo. Kwenye mtaa wa Fanqueiros kuna lifti ya umma, bure, inayokupandisha kuelekea kilima cha kasri, na mbele kidogo kuna nyingine. Belém yote ni tambarare. Kwa jumba la makumbusho chukua teksi mpaka mlangoni, uepuke zile ngazi.

Nile nini, hasa kama sili nguruwe?

Samaki, bila wasiwasi. Agiza samaki wa kuchomwa, huja mzima na viazi na mboga. Bacalhau ni ndugu wa ng'onda: samaki wa bahari ya kaskazini aliyekaushwa kwa chumvi, akalowekwa siku nzima au zaidi kabla ya kupikwa. Ile ya kuvurugwa na mayai na viazi vyembamba ndiyo inayopendwa na wageni wangu.

Jihadhari na haya: bifana ni mkate wa nyama ya nguruwe. Supu ya kijani ya sukumawiki ni tamu, ila kwa kawaida hutiwa kipande cha chouriço, soseji ya nguruwe. Sema "sem porco", bila nguruwe. Kuku wa piri-piri amekuja na watu wa Msumbiji na Angola, na jina la hiyo pilipili huhitaji kuelezwa. Nyama halali ziko mitaa ya Martim Moniz na Benformoso, kwa Wabangladeshi.

Mchana uliza "prato do dia", sahani ya siku. Ndiyo nafuu na ndiyo iliyopikwa asubuhi hiyo. Mkate, zeituni na jibini vinavyowekwa mezani kabla hujaagiza si zawadi: ukila utalipia, usipokula rudisha. Mkahawa mmoja ulinitoza zeituni ambazo sikuzigusa. Nilionyesha kibakuli, wakafuta.

Kuna msikiti?

Upo msikiti mkuu, ulifunguliwa mwaka 1985, karibu na Praça de Espanha, kwa metro. Jumuiya yake imejengwa kwa sehemu kubwa na watu waliotoka Msumbiji na Guinea-Bissau. Wanawake wana sehemu yao. Ijumaa ukifika utajisikia nyumbani.

Kireno nitakiweza?

Unacho kiasi tayari. Meza, kopo, bendera, leso, padri, karata, foronya, parafujo, mvinyo: vyote vilitoka kwao. Mhudumu akikuuliza "mesa para dois?", umeshaelewa anaulizia meza ya watu wawili. Neno igreja juu ya milango ya makanisa ndilo lililozaa gereza letu; walioshuka kwenye merikebu zile walijenga kanisa ndani ya ngome, sisi tukaliona jengo la kufungia watu.

Mwanamume hushukuru kwa "obrigado", mwanamke "obrigada". Usiwasemeshe Kihispania. Wanakielewa, na hawakipendi.

Viza, fedha na usafiri?

Mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza ya Schengen, hata kama anaishi Uingereza. Fedha ni euro. Uwanja wa ndege uko ndani ya mji na metro inafika. Nunua kadi ya navegante, senti 50, kisha uitie tiketi ya saa 24, yapata euro 7, inayotumika kwenye metro, mabasi na tramu.

Usalama ni mzuri kuliko miji mingi mikubwa. Wezi wa mifukoni wapo, na mji wa chini kuna vijana wanaonong'ona wakiuza dawa za kulevya, usisimame, pita.

Fado, muziki wa Lisbon, inafaa jioni hiyo?

Ukiwa na nguvu bado. Chagua ukumbi mdogo wa fado, mtaa wa Alfama au Mouraria. Taa hupunguzwa, mwimbaji husimama karibu na meza, gitaa la Kireno la nyuzi 12 linaanza, na hapo hakuna anayeongea wala kugusa kijiko. Huimba habari za kuondoka, za bahari, za aliyebaki akisubiri. Aliyelelewa na taarabu ataielewa kabla ya kujua neno moja.

Nimebakiwa na saa moja kabla ya giza. Nifanye nini?

Shuka gati la Cais do Sodré upande feri ya kwenda Cacilhas, ng'ambo ya mto. Ni mwendo wa dakika kumi, na waliomo wengi ni watu wanaotoka kazini, kama Likoni. Usikae sana upande wa pili; kunywa kahawa, ugeuke. Wakati wa kurudi, kaa kulia uangalie Alfama ikiwasha taa, au kushoto ulione jua likizama nyuma ya daraja, upande ule zilikotoka merikebu.